Mgongo Wangu na Wanawake Kumi na Saba

Jumapili ile tulikuwepo watu watano. Mimi mwenyewe, nimekaa kwenye kiti cha plastiki, kwa sababu sofa zile za kuzama nilikatazwa. Binti yangu wa nne kuzaliwa, mwenye nyumba, mwalimu wa shule ya msingi kule Bariadi. Shemeji yangu, mdogo wa marehemu mume wangu, ambaye kaya yake na yangu zimetenganishwa na uzio wa minyaa tu; alikuja asubuhi na basi kutoka upande wa Lagangabilili, na kiroba cha michembe, viazi vitamu vilivyokaushwa, begani. Yule binti wa fizio aliyenifundisha mazoezi, ambaye si ndugu, kwao ni Kilimanjaro huko, lakini miezi ile alikuwa ameushika mwili wangu kuliko ndugu yeyote. Na mkwe wangu, mume wa binti yangu. Huyo alikuwepo na hakuwepo. Alikaa barazani nje, mlango uko wazi, yeye kaupa mgongo, kwa sababu kwetu mama mkwe na mkwe wa kiume hawakai chumba kimoja wala hawasemeshani ana kwa ana.

Majina yao yote ninayo. Shule niliishia darasa la tatu, hesabu zikanipita pembeni kama mvua ya jirani, lakini jina la mtu nikilisikia mara moja halitoki. Binti yangu amenikataza kuyaandika. Anasema watu hawakuombwa ruhusa. Sawa, nitawaandika kwa undugu wao.

Kilichotukutanisha ni swali moja: narudi nyumbani kwangu, au sirudi. Nikishindwa siku ile, ningebaki mjini mpaka kufa. Lakini nikianzia hapo hamtanielewa. Nirudi nyuma kidogo.

Mgongo wangu haukuanguka wala haukugongwa. Uliisha, kama kamba ya kisimani inavyoisha, uzi mmoja mmoja. Nimepalilia pamba tangu sijavunja ungo. Sisi tulifundishwa kuinama miguu ikiwa imenyooka, kiuno ndicho kinachovunjika. Ukikunja magoti kwenye palizi, wenzako wanakupigia kelele: "Huyo anatafuta pa kukaa!" Basi nikainama hivyo miaka yote, mpaka mwaka huo mguu wa kushoto ukaanza kufa ganzi, halafu ukaanza kuwaka moto, halafu nikawa siwezi kusimama nikamaliza kusonga ugali. Mwezi wa sita, pamba ikiwa inauzwa, nikapelekwa Mwanza. Daktari akaeleza kwamba pingili zimekaa vibaya na zimebana mshipa. Wakanipasua.

Niliporudi nikawekwa kwa binti yangu Bariadi, siyo nyumbani kwangu. Hapo ndipo pagumu. Mama mkwe anakwenda kwa binti yake kusalimia, anakaa siku mbili, anaaga. Haendi kuishi. Mimi nikawa naishi. Chumba nilichopewa kilikuwa cha wajukuu, ambao wako shule ya bweni. Kitanda kizuri, dirisha la kioo, feni. Nje kuna ukuta, na nyuma ya ukuta kuna ukuta wa jirani. Asubuhi binti yangu anaondoka kabla jua halijatoka vizuri, mkwe wangu anafuata na pikipiki yake kwenda jineri, kwenye mashine za kuchambua pamba. Geti linafungwa. Nabaki mimi na kuku mmoja mwenye vifaranga.

Nyumbani kwangu, hata nikiwa peke yangu, nasikia. Nasikia shemeji anakohoa, nasikia ng'ombe za fulani zimechelewa kutoka, nasikia watoto wakigombana njiani na najua ni wa nani. Pale Bariadi nilisikia bodaboda tu. Zinapita, wala hujui nani amepita.

Na jioni mkwe akirudi, anakohoa getini. Ni heshima yake. Mjini kule wengi wameacha, wanakula meza moja na mama wakwe zao na wanacheka pamoja, na binti yangu aliniambia, "Mayu, hizo mambo zimepitwa na wakati, kaa tu sebuleni." Lakini mume wake hajaacha, na mimi sijaacha, na hilo nilimpendea. Akikohoa, mimi nainuka naingia chumbani nafunga mlango. Yeye anaingia. Nasikia wanakula, wanaongea, wanaangalia taarifa ya habari. Sahani yangu inaletwa chumbani. Ningekuwa mzima ningekuwa na haraka ya kuinuka. Mgongo ule ukawa kama mchi, hauendi mbele wala nyuma. Kitana kikianguka chini, kinakaa chini mpaka mtu arudi. Kuosha miguu yangu mwenyewe sikuweza. Binti yangu alinipigia magoti akaniosha vidole kama mtoto, nami naangalia dari.

Ndipo akaja binti wa fizio. Mdogo, mwembamba, nikadhani hataweza hata kuinua ndoo. Akaniambia, "Bibi, mgongo umeshatengenezwa. Sasa tunaufundisha upya kuinama." Nikamwambia kuinama najua tangu yeye hajazaliwa. Akacheka. "Unakojua ndiko kulikokuleta hapa, bibi. Sasa utakunja magoti."

Akanipa mazoezi manne. La kwanza, lala chali, vuta goti moja kifuani. La pili, kunja magoti, nyanyua makalio, shusha taratibu. La tatu, simama kwa mikono na magoti, tunisha mgongo kama paka aliyeona mbwa, kisha uushushe. La nne, lala chini, weka miguu juu ya kiti, tulia. Na nivae suruali, maana kanga inafunguka. Suruali! Nikapewa traksuti ya mjukuu wangu, ya bluu, ina mistari miwili pembeni. Kila zoezi mara kumi. Asubuhi. Mara kumi, bibi, usizidishe.

Nilishasema hesabu zinanipita. Nikianza moja, mbili, nikifika sita mawazo yameshakwenda, narudi nne, sijui niko wapi. Siku ya tatu nikapata njia. Nikaacha namba nikaanza kuhesabu watu.

Zamani, nilipoolewa, tulikuwa wanawake tunaolimiana kwa zamu. Leo kwako, kesho kwangu. Tunajipanga kila mmoja na tuta lake, tunaingia shambani pamoja na tunatokea upande wa pili pamoja. Mpangilio ule ninao kichwani mpaka leo, kutoka tuta la kwanza upande wa barabara mpaka la mwisho upande wa mto. Basi nikanyanyua makalio na kutaja jina la aliyeshika tuta la kwanza. Nikashusha. Nikanyanyua, la pili. Ikaenda vizuri mno. Siku hiyo nilifanya mazoezi na sikuona saa zimepita. Yule wa tatu alikuwa na kicheko kinachosikika mpaka ng'ambo. Wa tano alizaa mapacha msimu wa palizi, na wiki ya pili akarudi shambani nao, mmoja mbele, mmoja nyuma. Wa saba alikuwa wifi yangu. Kila jina na tuta lake.

Kosa ni kwamba tulikuwa kumi na wanane, mimi nikiwa mmoja wao. Wenzangu kumi na saba. Nikifika wa kumi, yule mwenye makovu ya moto mkononi, najua kabisa namba imetimia, fizio amesema basi. Lakini utawaachaje saba wamesimama shambani na majembe yao? Utatokaje upande wa pili bila wao? Haiwezekani. Nikawa naendelea mpaka wa mwisho. Zoezi la kwanza kumi na saba, la pili kumi na saba, la tatu kumi na saba. Na fizio akiniuliza, "Bibi, unafanya ngapi?" namjibu, "Kumi, mwanangu." Sikumdanganya kwa ubaya. Nilijua asingeelewa.

Mgongo ukaanza kuuma upya. Asubuhi naamka nimekaza kuliko jana. Binti yangu akasikia nikiguna, akasema, "Umeona, mayu? Na unataka kurudi kijijini." Nilikuwa nimejiwekea mvua za kwanza. Nilitaka zinikute kwangu.

Sasa ile siku ya kukwama. Ilikuwa mwezi wa tisa, saa tisa mchana. Nimetandika mkeka sebuleni, nimevaa traksuti yangu, kitenge nimekiweka kwenye sofa, miguu iko juu ya kiti. Zoezi la nne, ambalo mchana nililirudia kutuliza maumivu. Mkwe wangu hurudi saa kumi na moja, kwa hiyo sikuwa na wasiwasi. Kumbe jineri umeme ulikatika, wakaruhusiwa. Nikasikia geti, kisha kikohozi.

Nikajirusha niinuke. Mwili wa juu ukageuka, wa chini ukabaki. Mgongo ukanishika palepale, ukakaza kama kamba iliyoloa. Nikawa siendi huku wala huku, miguu bado juu ya kiti, katika suruali ya mtoto, katika sebule ya mkwe wangu.

Akakohoa mara ya pili, karibu zaidi. Akakohoa ya tatu, na viatu vikakanyaga baraza.

"Baba, usiingie!" nikapaza sauti.

Viatu vikasimama. Vikageuka. Nikasikia akikaa chini barazani, kwa mbali kidogo na mlango. Halafu akaanza kuongea, lakini si na mimi.

"We kuku," akasema. "Hebu muulize mama, ameumia?"

Yule kuku alikuwa pale anaparua mchanga na vifaranga vyake. Nami ningefanya nini?

"Kuku, mwambie baba mama hajaumia. Amekwama."

"Amekwama wapi?"

"Kwenye mkeka."

Nikasikia anapiga simu, inaita, haipokelewi; mke wake yuko darasani. Akatoka, nikasikia anagonga mageti ya majirani, moja, mbili, tatu. Akarudi anahema.

"Kuku, mwambie mama majirani wote wameenda mnadani. Na mwalimu hapokei simu. Muulize, miguu anaisikia?"

"Anaisikia."

"Yote miwili?"

"Yote miwili, mwambie. Mgongo ndio umegoma."

Jua lilikuwa linampiga pale barazani, najua, maana saa ile kivuli kiko upande wa pili. Nyumba ni yake, kiti ni chake, maji ya kunywa yako kwenye jokofu lake, na hawezi kuingia. Nikaona aibu mara mbili. Akakohoa tena, safari hii kama mtu anayetafuta pa kuanzia.

"Kuku, kwetu baba yangu alikuwa na ng'ombe. Ng'ombe akilala vibaya, watu wanakimbilia mkia. Wanavuta mkia, hainuki, wanampiga. Baba alikuwa anasema, mwacheni, mgeuzeni kwanza ubavu, ataamka mwenyewe."

Nikasikia viatu vyake vikisugua baraza.

"Kuku," akasema kwa sauti ndogo, "mwambie mama nimekosa. Sikumwita ng'ombe."

Hapo nikacheka. Nilicheka mpaka mgongo ukanichoma, nikalia machozi ya kicheko na ya maumivu, sijui yapi yalikuwa mengi. Tangu nilazwe Mwanza sikuwa nimecheka.

"Kuku, mwambie baba aendelee na huyo ng'ombe wake."

Akaendelea. Taratibu, kama mtu anayesoma. "Miguu ishuke kwenye kiti, mmoja mmoja. Magoti yakunjwe. Sasa mwili wote ugeuke pamoja, bega na nyonga, kama gogo, isibaki sehemu nyuma. Mkono wa juu usukume sakafu. Apige magoti. Asiharakishe, ng'ombe huamka nyuma kwanza."

Niligeuka kama gogo. Nikasukuma. Sijui ilichukua muda gani. Nikafika kwenye mikono na magoti.

"Kuku, mwambie baba ng'ombe yuko kwenye miguu minne."

"Apumzike hapo hapo. Avute pumzi kumi."

Nikaanza kuvuta pumzi, na kwa mazoea midomo ikaanza kutaja, wa kwanza, wa pili, polepole. Nikafika wa kumi nikavuta nyingine.

"Kuku, mwambie mama kumi tu. Huwa anafika kumi na saba."

"Baba amejuaje?"

"Asubuhi naoshaga pikipiki chini ya dirisha la mama. Mwambie nilidhani anatambika, anaita wahenga wa kwao. Nikasema nisimkatize."

Miezi ile yote nilidhani hakuna anayenisikia katika nyumba ile. Kumbe mtu mmoja alikuwa anasikia majina yote, akiwa na kitambaa na ndoo, na alikuwa amehesabu.

Nikashika kiti, nikainua goti moja, nikasimama. Nikajifunga kitenge, nikaenda chumbani hatua kwa hatua, nikafunga mlango.

"Kuku, mwambie baba aingie nyumbani kwake."

Jioni nilisikiliza kupitia ukuta. Nilingoja amwambie mke wake kwamba mama alikwama, na hapo safari yangu ya nyumbani ingekuwa imekufa. Hakusema. Alisema hivi tu: "Mwalimu, mwambie mama yako fizio alisema kumi. Anafanya kumi na saba." Binti yangu akaja mbio chumbani.

"Mayu! Fizio alisema ngapi?"

"Kumi."

"Wewe unafanya ngapi?"

"Wako kumi na saba."

"Nani wako kumi na saba?"

Nikamwambia. Alikaa kitandani, akaweka mkono mdomoni. Wengi wao aliwajua akiwa mtoto. Mmoja alimkata kitovu. Hakunigombeza tena. Lakini fizio alipokuja, binti yangu alimweleza kila kitu, na yule mdogo mwembamba akanitazama kwa ukali.

"Bibi, mgongo wako hauna nafasi ya watu kumi na saba. Chagua kumi."

Chagua kumi! Msichana huyu hajui alichoniomba. Nilikaa siku nzima nachagua. Nikasema nitawaacha walio hai, maana hao wanaweza kujitaja wenyewe. Walio hai nikahesabu, wakatoka wanne. Wanne tu. Mmoja kwa mtoto wake Shinyanga, mmoja Meatu amepoteza macho, wawili upande wetu. Sikuwahi kuwapanga hivyo kabla. Nikabaki na marehemu kumi na watatu, na watatu bado wazidi. Nikajaribu kumwacha wifi yangu, kwa sababu tuligombana kwa ajili ya mbegu na alikufa hatujaongea. Asubuhi nikamruka. Nikafika jioni sijisikii vizuri, kama mtu aliyefungia mgeni nje. Fizio alipokuja tena nikamwambia siwezi. Akafikiri, akasema, "Basi kumi asubuhi. Waliobaki jioni. Lakini jioni ukifika mwisho wao, usirudie wa asubuhi."

Hivyo ndivyo nilivyopona, kama huku ni kupona. Asubuhi kumi, jioni saba. Zile mara tatu za jioni zilizobaki kutimiza kumi nilivuta pumzi bila jina lolote, na hizo ndizo zilikuwa ndefu. Mwezi wa kumi mikono yangu, ambayo haikuvuka mapaja, ikafika magotini. Ikapita magoti. Siku moja nikaokota kitana. Nilikunja magoti kama mvivu wa palizi, nikashuka, nikakishika, nikapanda nacho. Nilitazama pande zote. Hakukuwa na mtu wa kumwonyesha. Nikakitupa chini nikakiokota tena.

Ndiyo ikafika Jumapili ile. Mawingu yalishaanza kukusanyika. Mimi ndiye niliyemwita shemeji, na mimi ndiye niliyemwomba fizio aje kunishuhudia.

Binti yangu alianza. "Mayu, pale kaya uko peke yako. Ukianguka, nani atakuinua?"

"Mimi nipo," akasema shemeji.

"Baba mdogo, wewe mwenyewe unainuliwa na fimbo."

"Fimbo yangu ina nguvu kuliko vijana wako wa mjini," shemeji akajibu, lakini alicheka kidogo tu.

Binti akamgeukia fizio. "Anaweza kuinama?"

"Anaweza. Ndoo ndogo sawa, ndoo kubwa hapana. Kupika akiwa amesimama sawa. Jembe hapana msimu huu."

Neno hilo la jembe lilinipita ndani kwa ndani.

"Na akianguka?" binti yangu akarudia. "Niambieni mtu mmoja, akianguka?"

Ningeweza kunyamaza. Mkwe alikuwa amenitunzia siri miezi miwili, na kule nje nilimwona mabega tu, hayatikisiki. Lakini kuondoka kwa siri ya mkwe ni kuondoka na aibu.

"Nilishaanguka," nikasema. "Hapa hapa, mwezi wa tisa. Nilikwama kwenye mkeka. Mume wako anajua. Hakuingia, hakunishika. Alinielekeza kutoka nje, nikaamka mwenyewe."

Binti yangu alisimama. Akatazama mlangoni. "Wewe! Ulijua na ukanyamaza?"

Mabega yale yakainama. "Muulize kuku," mkwe wangu akasema, bila kugeuka.

Shemeji alicheka mpaka akakohoa. Binti yangu hakucheka. Akaanza kusema kwamba hilo ndilo alilokuwa akiliogopa, kwamba sasa imethibitika, na sauti yake ilikuwa inapanda. Nikaona maneno hayatanisaidia. Nikatandika mkeka. Traksuti nilikuwa nimevaa chini ya kitenge, nilijua itahitajika. Nikashuka, nikalala chali chini pale mbele yao wote, bibi mzima, nikatazama dari ile niliyoitazama miezi yote.

"Nimeanguka," nikasema. "Hakuna mtu. Msinishike."

Nikakunja magoti. Nikageuka kama gogo. Nikasukuma, nikapiga magoti, nikapumzika, nikainua mguu mmoja, nikasimama. Fizio alikuwa ameshika mikono yake mwenyewe isije ikanisaidia.

"Tena," akasema binti yangu. Kimwalimu kabisa.

Nikalala tena, nikaamka tena.

"Tena."

Mara ya tatu nilichoka, goti lilitetemeka, nilikaa kwenye miguu minne muda mrefu. Nikasimama. Nikamtazama. Alikuwa analia, na alikuwa anapangusa meza ambayo haikuwa na vumbi.

"Jumamosi," akasema. "Nitakupeleka mwenyewe. Lakini utapika kwa gesi, juu ya meza. Mafiga sitaki kuyaona."

Jumamosi tukaenda. Nyumba ilikuwa na harufu ya popo na ya kufungwa. Binti yangu alifagia, akapanga jiko juu ya meza, akaniwekea simu shingoni kwa kamba, akaondoka na gari la mchana ili awahi kusahihisha madaftari. Mvua ya kwanza ilikuja wiki hiyo. Nilisimama mlangoni nikaisikiliza. Watu walipita na majembe, watoto wa watoto wa wale niliowahi kulima nao, wakanisalimu, "Mwangaluka, mayu," wakaendelea. Wana haraka, ndiyo mvua. Sikuwa na tuta la kwenda.

Wiki ya pili mgongo ukanibeba mpaka kwa mmoja wa wale wanne, aliyekuwa akishika tuta la kumi na mbili. Ni mwendo wa kuvuka mto mkavu na kupanda kidogo. Zamani ningekwenda nikiwa na mzigo kichwani. Nilikwenda na fimbo, nikapumzika mara mbili. Nilimkuta amekaa nje, amenona, amevishwa vizuri. Nikamsalimu, akaitikia vizuri sana, kama anavyoitikia mgeni. Nikamtajia jina langu. Akasema, "Karibu." Nikamtajia tena, na la mume wangu, na la wifi yangu. Akamuuliza mkaza mwana wake, "Huyu mama ametoka wapi?" Nilikaa naye mpaka jua likapungua. Nilimtajia wote kumi na saba, pamoja na yeye mwenyewe, mmoja mmoja, kwa mpangilio. Alisikiliza kwa makini. Nilipofika kwenye jina lake hakushtuka. Mwisho akasema, "Watu wengi." Nikamwambia ndiyo, tulikuwa wengi.

Nyumbani nikalala chini nikafanya lile zoezi la miguu juu ya kiti, maana mwendo ule ulinichosha.

Haya nimeyaandika kwa penseli, kwenye daftari aliloniachia binti yangu, na huenda kuna mahali nimekosea. Yawezekana ile mvua ilianza kabla sijafika na mimi naipenda iwe imeningoja. Yawezekana wa tuta la sita na wa tuta la saba nimewabadilisha. Zamani ningemuuliza mtu akaniambia palepale, "We, umesahau, fulani alikuwa kushoto kwangu," tukabishana mpaka chakula kiive. Sasa nikisema kitu, hakuna anayesema hapana. Kwa hiyo wewe unayesoma, kama uliwahi kupalilia mashamba yale, au mama yako aliwahi, na ukaona nimeweka mtu mahali si pake, usiniandikie, kusoma kwangu ni kwa taabu. Njoo unibishie. Mchana wote nipo.